1,000,000,007 au 998,244,353? Tulinganishe namba tasa kubwa, ipi kwa kazi ipi

Swali linauliza kuna njia ngapi za kupanga vitu, jibu lenyewe lina tarakimu maelfu, kwa hiyo mtunzi anakwambia toa baki tu ukigawa kwa 1,000,000,007. Swali linalofuata anasema 998,244,353. Ukisoma programu ya mtu mwingine inayolinganisha maneno kwa hashi, yaani kila neno limegeuzwa kuwa namba moja, unakuta kaweka 2^61 − 1, na ukifuatilia jinsi kompyuta zinavyotoa namba za kubahatisha unakutana na 2,147,483,647. Zote ni namba tasa, zote ni kubwa, na vijana wengi wanaoanza mashindano ya programu wanaona zote ni sawa tu, chukua yoyote uendelee. Hapana jamani, sio sawa hata kidogo. Kila moja ina kazi yake inayoiweza na kazi ambayo ukiing'ang'ania nayo utakesha, na mi inaniuma nikiona mtu ana akili nzuri kabisa amekwama kwa sababu ya namba aliyoinakili bila kujua ina nini ndani.

Kitu cha kushika kabla hatujaingia kwenye ulinganisho ni hiki: ukitaka kujua namba tasa kubwa inafaa kwa nini usiishie kuitazama yenyewe, tazama ile iliyo nyuma yake kwa moja. Namba ikiwa p, vunja p − 1 uone vigawo vyake. Sababu yake ni ya zamani sana, mwanahisabati Fermat aliiandika kwenye barua mwaka 1640: chukua namba yoyote isiyogawanyika kwa p, iendelee kujizidisha yenyewe huku kila hatua unachukua baki, lazima utafika 1, na idadi ya hatua za kufika pale mara ya kwanza siku zote inaigawa p − 1 bila kubakisha kitu. Maana yake mizunguko yote inayowezekana, mifupi na mirefu, tayari imeshapangwa na vigawo vya p − 1, wewe huna la kuongeza wala kupunguza.

Haya, ziko tano hapa:

| Namba tasa (p) | p − 1 ikivunjwa |
|---|---|
| 1,000,000,007 | 2 × 500,000,003 |
| 1,000,000,009 | 2^3 × 3^2 × 7 × 109^2 × 167 |
| 998,244,353 | 2^23 × 7 × 17 |
| 2,147,483,647 | 2 × 3^2 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331 |
| 2^61 − 1 | 2 × 3^2 × 5^2 × 7 × 11 × 13 × 31 × 41 × 61 × 151 × 331 × 1321 |

Cheki mstari wa kwanza na wa tatu. Namba zenyewe zimepishana 1,755,654 tu, kwa ukubwa wa bilioni hiyo ni kama hakuna kitu, lakini p − 1 zake hazifanani kabisa, moja imevunjika vipande viwili tu na kimoja ni kikubwa mno, nyingine imejaa 2 ishirini na tatu. Karibu kila tofauti utakayoiona huko chini inatoka hapo.

Kuna anayeuliza kwanza kwa nini iwe tasa, si tuchukue bilioni moja kamili tumalize? Jaribu 40!, yaani 1 × 2 × 3 mpaka 40. Ndani yake kuna 5 tisa na 2 thelathini na nane, na bilioni moja ni 2^9 × 5^9, kwa hiyo 40! inagawanyika kwa bilioni moja bila baki na kuanzia hapo faktoria zote zinatoa sifuri, jibu lako limekufa. Ukiacha kompyuta ifurike yenyewe, yaani jibu lizidi biti zake na za juu zikatike, ni vile vile, kwenye biti 32 ukifika 34! unapata 0 na kwenye biti 64 ukifika 66! unapata 0. Halafu kugawa kwa 2 au kwa 5 huwezi kabisa maana hazina kinyume ndani ya bilioni moja, yaani namba ya kuzizidisha ukapata baki 1. Namba tasa inakuruhusu kugawa kwa chochote kisicho sifuri, na faktoria zake hazigeuki sifuri mpaka ufike p yenyewe, ndo maana nCr zote (idadi ya njia za kuchagua vitu r kati ya n) unazohesabu kwa faktoria na kinyume chake zinafanya kazi.

1,000,000,007, ya kuanzia

Hii ndo namba tasa ya kwanza kabisa ukishavuka bilioni moja. Kuikumbuka rahisi, moja, sifuri nane, saba, na kwenye C++ ukiandika 1e9+7 umemaliza, hamna kuhesabu sifuri. Ukubwa wake umekaa vizuri sana na kompyuta: mabaki mawili ukiyajumlisha hayazidi 2,000,000,012, yanaingia kwenye int ya biti 32 inayoishia 2,147,483,647. Ukiyazidisha unapata kitu kama 10^18 na chenji kidogo, na biti 64 zinabeba mpaka 9.22 × 10^18, kwa hiyo unaweza hata kujumlisha mazao tisa ya kuzidisha kabla hujachukua baki. Wanaozidisha matriksi hilo walishike, kuchukua baki (alama ya %) mara moja badala ya mara tisa kunaokoa muda mwingi tu.

Halafu kuna kitu kinaifanya ipendeze kufanyia kazi, vinyume vyake unavisoma kwa macho. Nusu ni 500,000,004, theluthi ni 333,333,336, robo ni 250,000,002, moja ya sita ni 166,666,668. Kwa hiyo kwenye swali la uwezekano programu ikikutolea 500000004 unajua papo hapo hiyo ni 1/2, huna haja ya kukaa unahangaika kutafuta kosa. Kwa 998,244,353 nusu ni 499,122,177 na theluthi ni 332,748,118, zinakubali pia lakini jicho halizitambui mpaka uzizoee.

Sasa p − 1 yake. 500,000,003 nayo ni namba tasa, kwa hiyo 1,000,000,006 ina vigawo vinne tu kwa ujumla: 1, 2, 500,000,003 na yenyewe. Ukiirudisha kwenye ile kanuni ya Fermat, namba yoyote utakayochagua ukiacha 1 na 1,000,000,006 ina mzunguko wa angalau nusu bilioni. Huwezi kuangukia mzunguko mfupi kwa bahati mbaya, na hiyo ni sifa adimu. Hata kumpata mzizi wake wa msingi, yaani namba inayopita kwenye mabaki yote kabla ya kurudi 1, unafanya kwa mkono: 2 na 3 zote zina kipeuo cha pili humu ndani kwa hiyo zinazunguka nusu tu, 5 haina, basi 5 ndo jibu. Na kwa kuwa p ukiigawa kwa 4 inabaki 3, kutafuta kipeuo cha pili cha namba a ni mstari mmoja, unapandisha a kwa kipeo 250,000,002, halafu unazidisha ulichopata chenyewe kwa chenyewe kuhakikisha imerudi a, isiporudi ujue a haina kipeuo cha pili.

Udhaifu wake ni mmoja na unatokana na hiyo hiyo sifa. 2 iko moja tu.

998,244,353, hapa ndo penye utamu

Andika hii namba kwa biti: 1110111, halafu sifuri 22, halafu 1. Yaani ni 119 × 2^23 + 1. Mtu aliyeiona hivyo mara moja hawezi tena kusema ni namba ya ajabu ajabu iliyookotwa tu.

Kazi yake kubwa ni kuzidisha polinomia. Una orodha mbili za namba, kila moja ina 200,000, unataka kila jozi izidishane na mazao yakusanywe kulingana na jumla ya nafasi zao, maswali ya kuhesabu yamejaa hiki kitu hata yasipokitaja. Ukifanya kawaida ni mizidisho 40,000,000,000, sahau. Njia ya haraka inaitwa NTT, ndugu yake FFT ila inatumia mabaki badala ya namba zenye desimali, na yenyewe inaikata kazi nusu, kila nusu inaikata nusu tena, kama unavyokunja khanga nusu kwa nusu mpaka inakuwa kipande cha kushika mkononi. Ili ukate hivyo lazima ndani ya p kuwe na namba ambayo mzunguko wake una urefu wa 2^k kamili, na tumeshasema urefu wa mzunguko lazima uigawe p − 1. Kwa hiyo swali lote linageuka kuwa: p − 1 ina 2 ngapi?

1,000,000,007 ina moja, unakunja mara moja umekwama. 2,147,483,647 ina moja. 2^61 − 1 ina moja. 1,000,000,009 ina tatu, unaishia urefu wa 8. 998,244,353 ina 23, unafika urefu wa 8,388,608, na mzizi wake wa msingi ni 3, namba ndogo ya kukumbuka, ukichukua 3^119 tayari una namba yenye mzunguko wa 2^23. Kwa zile orodha mbili za 200,000 unahitaji urefu wa 2^19 tu, yaani 524,288, kila badiliko moja linakula kama hatua milioni 10, na yapo matatu, mawili ya kwenda na moja la kurudi. Toka bilioni 40 mpaka milioni 30! Kwenye C++ hiyo haifiki hata sekunde moja.

Kwa nini isiwe nyingine yenye 2 nyingi zaidi? Zipo kweli, 469,762,049 ni 7 × 2^26 + 1, na 167,772,161 ni 5 × 2^25 + 1, zote mzizi wake ni 3. Lakini 998,244,353 iko karibu kabisa na bilioni, kwa hiyo mabaki yake yana nafasi pana karibu sawa na 1,000,000,007, na bado iko chini ya 2^30, kwa hiyo kila nilichosema juu kuhusu int na biti 64 kinaishika na hii. Hizo nyingine mbili zina kazi yao ambayo ni nzuri sana: mtunzi akikulazimisha 1,000,000,007 halafu swali linataka kuzidisha polinomia, unafanya NTT mara tatu, mara moja kwa kila moja ya hizi tatu, halafu unaunganisha mabaki matatu kwa kanuni ya mabaki ya Wachina. Zikizidishana zinatoa kama 7.9 × 10^25, na jibu lako halisi kabla ya baki halizidi kama 2 × 10^23 kwa orodha za 200,000, kwa hiyo jibu linatoka kamili bila wasiwasi wa desimali. Gharama yake ni kazi mara tatu na mistari mingi ya kuandika. Inawezekana, ila kama uchaguzi ni wako, kwa mfano wewe ndo unatunga swali, na kuna polinomia ndani, usiwatese watu, weka 998,244,353.

Na hapo kuna jambo la watunzi. Zamani ukiiona 998,244,353 kwenye swali ilikuwa kama mtunzi amekunong'oneza "kuna NTT humu", sasa hivi AtCoder, tovuti ya mashindano ya programu, wanaiweka kwenye maswali mengi tu hata yasiyohusiana na polinomia, na hata ile maktaba yao waliyoitoa mwaka 2020 imekuja na modint (aina ya namba inayochukua baki yenyewe) ya namba zote mbili, hii na 1,000,000,007. Mi nakubaliana nao kabisa, mtunzi akitumia namba moja kwa maswali yote hafichui siri ya swali, na msomaji asijipe matumaini wala hofu kwa kuiona.

Sasa pale inapokuangusha. p − 1 yenye vigawo vidogo vidogo maana yake mizunguko mifupi ipo mingi. Chukua 86,583,718, izidishe yenyewe kwa yenyewe, ongeza 1, gawa kwa 998,244,353, inagawanyika kamili. Yaani humu ndani hiyo namba ni kipeuo cha pili cha −1, na mzunguko wake ni hatua nne tu. Ukiifanya msingi wa hashi yako, yaani namba ambayo vipeo vyake ndo uzito wa kila herufi kwa nafasi yake, herufi ya kwanza na ya tano zina uzito ule ule, ukizibadilishana nafasi hashi haioni tofauti. Kuiangukia hiyo hasa kwa kubahatisha ni ngumu, lakini kwenye 1,000,000,007 kitu kama hicho hakipo kabisa, ndo tofauti yake. Kipeuo cha pili nacho huku ni kazi, ile ya mstari mmoja haifanyi maana p ukiigawa kwa 4 inabaki 1, unatakiwa uandike njia ndefu zaidi, Tonelli–Shanks au Cipolla.

Ila vigawo vidogo vinakupa na zawadi. Ukipewa y na kuulizwa 3 imepandishwa kwa kipeo gani mpaka ikatoa y, kwenye 998,244,353 unalivunja swali kipande kwa kipande kufuata 2, 7 na 17, hatua chache tu umemaliza. Kwenye 1,000,000,007 hakuna vipande vya kuvunja, unabaki na njia ya kukutanisha hatua ndogo na hatua kubwa, orodha ya kama 31,623 kila upande. Na hapo hapo niseme kwa uzito, hakuna hata moja kati ya hizi tano ya kulindia nywila au ujumbe wa siri, hata ile kubwa ya 2^61 − 1. Huko wanatumia namba kama 2^255 − 19, na za RSA zenye biti 2,048 ambazo zina tarakimu 617. Kama kazi yako ni usalama hizi ziache, tumia maktaba iliyokaguliwa.

Kosa moja dogo linaloumiza watu wengi kwenye hizi mbili: unanakili faili lako la zamani lina 1,000,000,007, swali linataka 998,244,353, mfano uliotolewa kwenye swali unapita vizuri kwa sababu majibu yake ni madogo, halafu testi kubwa zote zinagoma. Weka namba sehemu moja tu juu kabisa ya programu, na kwenye C++ iwe const, kwa sababu kompaila ikijua namba haibadiliki inageuza ile % kuwa kuzidisha na kusogeza biti, inakimbia zaidi kuliko ukiisoma kama kigeugeu.

Kwenye hashi mambo yanabadilika kabisa

Kwenye kuhesabu unataka jibu sahihi la baki, ukubwa wa bilioni unatosha. Kwenye hashi unataka vitu viwili tofauti visipate namba moja, na hapo bilioni ni ndogo sana, watu hawaamini mpaka wapige hesabu.

Tuseme una vipande 100,000 vya maandishi unataka kujua vingapi ni tofauti. Jozi zake ni 4,999,950,000. Kama kila hashi ina nafasi sawa ndani ya bilioni moja, utegemee kama jozi tano zigongane bila sababu. Sio "inaweza kutokea", ni karibu lazima itokee! Ukienda 2^61 − 1, ambayo ukiiandika yote ni 2,305,843,009,213,693,951, jozi zile zile zinakupa nafasi ya kama 2 katika bilioni. Na urefu wa maandishi nao una mchango wake, maandishi mawili tofauti yenye urefu n yanaweza kugongana kwa misingi isiyozidi n, kwa sababu ni polinomia na polinomia haiwezi kuwa na mizizi mingi kuliko digrii yake. Urefu ukiwa 1,000,000 kwenye bilioni moja, dhamana yako ni 1 katika 1,000 kwa kila ulinganisho, ni mbaya. Kwenye 2^61 − 1 ni kama 4 katika trilioni kumi.

Kwa hiyo kwa hashi uchaguzi wangu hauna kusitasita, ni 2^61 − 1. Aliyethibitisha kuwa ni tasa ni padri mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, mwaka 1883, kwa mkono, na leo tunaitumia kila siku bila kumkumbuka. Uzuri wake wa pili ni kuchukua baki: kwa kuwa 2^61 ndani yake ni sawa na 1, huhitaji kugawa, unakata namba kwenye biti ya 61, kipande cha juu unakijumlisha na cha chini, ikizidi p unatoa p, basi. Gharama iko sehemu moja, kuzidisha mabaki mawili kunatoa biti 122, kwa hiyo kwenye C++ unahitaji __int128, aina ya namba ya biti 128, ambayo kompaila ya GCC inayo. Na tena hii sio ya mashindano tu, Python yenyewe kwenye mashine za biti 64 inahashi namba kwa 2^61 − 1, fungua uandike hash(2**61 - 1) inakupa 0, andika hash(2**61) inakupa 1.

Kama mashine au kompaila yako haina __int128, tumia hashi mbili kwa pamoja, moja ya 1,000,000,007 na moja ya 1,000,000,009, hizi ni namba tasa pacha zimepishana 2 tu, pamoja zinakupa nafasi ya kama 10^18, usalama unakaribiana na ile kubwa ila kazi ni mara mbili.

Ambayo nakusihi uiache ni kuacha biti 64 zifurike zenyewe, eti ni modulo 2^64, yaani baki ya kugawa kwa 2^64, na ni kubwa kuliko zote. Ni kubwa kweli lakini sio tasa. Kuna mfuatano wa herufi mbili tu, a na b, unaitwa Thue–Morse, ukichukua herufi zake 1,024 na kinyume chake ambapo kila a imekuwa b na kila b imekuwa a, hashi zake zinalingana kwa msingi wowote ule witiri utakaochagua. Wowote! Msingi shufwa ndo mbaya zaidi, ukivuka herufi 64 uzito unageuka sifuri. Kwenye Codeforces, tovuti nyingine ya mashindano, watu wanawekeana testi za hivyo makusudi. Na hata ukiwa na 2^61 − 1 usiandike msingi wako 31 kwenye faili kila mtu auone, uchague kwa kubahatisha programu inapoanza, dhamana yote niliyoitaja hapo juu inasimama juu ya hilo.

2,147,483,647, usiichague kwa mazoea

Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa, ni 2^31 − 1, na heshima yake ni kubwa. Lakini kama moduli (namba ya kugawia) ya mashindano haina faida juu ya zile za bilioni, na ina mtego: mabaki mawili ukiyajumlisha yanaweza kufika 4,294,967,292, int imeshafurika ikageuka hasi, na mazao ya kuzidisha biti 64 zinabeba mawili tu badala ya tisa.

Ilipong'aa ni kwenye namba za kubahatisha za zamani. Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza kuzidisha kwa 16,807 kila hatua na kuchukua baki kwa hii namba, na C++ bado inayo kwa jina minstd_rand0. Tazama kilichoifanya ifanye kazi: 16,807 ni 7^5, 7 ni mzizi wa msingi, na p − 1 haina 5 kwenye vigawo vyake, kwa hiyo 7^5 nayo inapita kwenye mabaki yote 2,147,483,646 kabla ya kurudi mwanzo. Leo kama unataka kubahatisha kwa maana chukua mt19937 ya C++, ina mzunguko wa 2^19937 − 1.

Pengine ambapo utakutana na hii namba ni kwenye saa. Mifumo inayohesabu sekunde toka 1 Januari 1970 kwa biti 32 itaifikia tarehe 19 Januari 2038, kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, sekunde inayofuata kihesabio kinageuka hasi. Wanaotunza mifumo ya zamani waanze mapema.

1,000,000,009 na Fibonacci

Hii watu wanaiona kama pacha wa kusindikiza tu, lakini kuna swali moja inawapiga wenzake. Fibonacci, ule mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, ina kanuni ya moja kwa moja yenye kipeuo cha pili cha 5, na kama ndani ya p hicho kipeuo kipo unaweza kuigeuza Fibonacci kuwa tofauti ya namba mbili zinazopanda kwa kipeo, mfuatano wa kujumlisha unakuwa mifuatano miwili ya kuzidisha, na maswali ya kuongeza Fibonacci kwenye kipande cha orodha yanalainika ghafla. Kujua kama kipo angalia tarakimu ya mwisho ya p: ikiwa 1 au 9 kipo, ikiwa 3 au 7 hakipo. 1,000,000,007 haina, 998,244,353 haina, 2,147,483,647 haina. 1,000,000,009 inayo, ni 383,008,016, izidishe yenyewe kwa yenyewe ugawe uone inabaki 5. Na 2^61 − 1 inaishia na 1, kwa hiyo nayo inayo.

Tena hapa ndo pekee ambapo p − 1 haitoshi. Mzunguko wa Fibonacci ndani ya 1,000,000,009 unaigawa p − 1 kama kawaida, lakini kwa kuwa 1,000,000,007 haina kipeuo cha 5, mzunguko wake unaifuata p + 1, na urefu wake ni 2 × 1,000,000,008, yaani 2,000,000,016. Ukipewa Fibonacci ya nafasi yenye tarakimu mia na moduli ni 1,000,000,007, punguza nafasi kwa 2,000,000,016, ukipunguza kwa 1,000,000,006 umekosa.

Mwisho lugha unayoandikia, maana inaamua mengi. Python haifuriki, kwa hiyo hata 2^61 − 1 unazidisha bila hofu, pow(a, b, m) inapandisha kipeo haraka, na toka toleo la 3.8 pow(a, -1, m) inakupa kinyume, ila NTT ya mkono ndani ya Python tupu ni nzito. C++ iko huru kwa zote tano mradi uko makini na int na long long, na kwa 2^61 − 1 uwe na __int128. JavaScript ndo ya kuangalia sana, namba zake za kawaida ni sahihi mpaka 2^53 tu, ambayo ni 9,007,199,254,740,992, wakati mabaki mawili ya 1,000,000,007 yakizidishana yanafika 10^18, kwa hiyo tarakimu za chini zinapotea kimya kimya bila kosa lolote kuonyeshwa, huko tumia BigInt, namba zake nzima zisizofurika, hata kwa namba ndogo kuliko zote kwenye hizi tano.